Deni la Sh1,640 lilivyomkosesha mama mtamba

MWEZI Agosti mwaka wa 2023, mama yangu alikuwa ameshamchagua mtamba wake. Alikuwa Friesian mwenye mimba ya miezi saba, mali ya mkulima wa kijiji jirani huko Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Bei ilikuwa Sh140,000.

Mama alikuwa na Sh50,000 alizoweka kidogo kidogo kwa miaka miwili kutokana na maziwa. Alihitaji mkopo wa Sh90,000 tu. Malipo yake ya maziwa kutoka kwa chama cha ushirika hupitia benki kila mwezi, kwa hivyo hakuona sababu ya kukataliwa.

Afisa wa mikopo alimpokea vyema. Alichukua nakala ya kitambulisho na taarifa ya malipo ya miezi sita, akamwambia asubiri. Siku tatu baadaye akampigia simu.

"Mama, samahani sana. Ombi lako halikupita. Jina lako liko CRB."

"Mimi sijawahi kukopa benki hata siku moja, kijana wangu," mama akamjibu.

Alikuwa akisema kweli kama alivyoijua. Lakini tulipochukua ripoti yake tulikuta mkopo mmoja wa simu wa mwaka wa 2019. Deni lililobaki, pamoja na ada za kuchelewa, lilikuwa Sh1,640. Nambari ya simu iliyotumiwa kukopa hakuitambua. Ilituchukua jioni nzima kukumbuka kwamba mwaka huo alimsajilia laini binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye alikuwa amemaliza shule na hajapata kitambulisho.

"Shangazi, nilidhani nitalipa nikipata kibarua, halafu ile laini ikapotea," kijana akasema huku ameinamisha kichwa.

Deni lililipwa siku iyo hiyo. Hata hivyo, mwenye mtamba hangeweza kungoja karatasi zinyooke. Alikuwa na karo ya kulipa, na wiki hiyo akamuuzia mtu aliyefika na pesa taslimu.

Mimi ni mwanauchumi wa kilimo. Kazi yangu ni kukaa na wakulima na kuzungumza nao kuhusu bei, mbegu na masoko. Miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza mama yangu mzazi kama anaijua rekodi yake ya mikopo. Somo nililopata ni hili: rekodi hukaguliwa wakati huhitaji mkopo, kwa sababu siku utakapouhitaji hutakuwa na muda wa kuirekebisha.

CRB ni nini hasa?

Watu wengi huzungumzia CRB kana kwamba ni jela ya majina. Mtu husema "nimewekwa CRB" kwa sauti ya aliyehukumiwa. Ukweli ni kwamba kila mtu aliyewahi kukopa kutoka kwa mkopeshaji rasmi ana faili huko, awe amelipa vizuri au vibaya.

Mashirika haya ya marejeleo ya mikopo ni kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya (CBK) kukusanya habari za jinsi watu wanavyokopa na kulipa. Yako matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki unayoiomba mkopo huuliza mojawapo, na jibu huja baada ya muda mfupi.

Kanuni za kwanza za kuyasimamia zilitolewa mwaka wa 2008 na kazi ikaanza mwaka wa 2010. Wakati huo benki zilipeleka habari za walioshindwa kulipa pekee, na hapo ndipo jina CRB lilipopata sifa mbaya. Kanuni za mwaka wa 2013 zilibadilisha mambo. Tangu zianze kutumika, habari za wanaolipa vizuri nazo hupelekwa. Kila awamu unayolipa kwa wakati huandikwa.

Badiliko hilo lilikwenda sambamba na mikopo ya simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, KCB M-Pesa ikafuata mwaka wa 2015, kisha zikaja programu nyingi za kukopesha kwa simu. Wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kuketi mbele ya afisa wa benki wakawa na faili za mikopo, wengi wao bila kujua. CBK ilipotangaza mpango wa kuwasaidia waliolemewa na madeni ya simu Novemba 2022, ilisema zaidi ya wakopaji milioni 4.2 walikuwa wakilengwa.

Katika mpango huo, benki zilitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni la mkopo wa simu wa muda usiozidi siku 30 ambalo lilikuwa limekwama. Mkopaji alipewa hadi Mei 31, 2023 kulipa salio. Mkopo uliokuwa katika jina la mama ulikuwa wa aina hiyo hasa. Kama tungeitazama ripoti yake miezi mitatu mapema, tungelipa nusu, na mtamba angekuwa zizini.

Haki ambazo wengi hawazijui

Mkopeshaji haruhusiwi kukuorodhesha kimyakimya. Anatakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya kuhusu deni lako. Kwa mama, ujumbe kama huo ungekwenda kwa laini ambayo hakuwa nayo mkononi. Ndiyo maana ni muhimu mkopeshaji wako awe na nambari yako ya sasa, hasa ukibadilisha laini.

Pili, kanuni za mwaka wa 2020 zinakataza kumworodhesha mtu kwa deni la chini ya Sh1,000. Kama ripoti yako ina deni la Sh600 lililowekwa kama deni baya, una haki ya kudai liondolewe.

Tatu, mwaka huo huo wa 2020 CBK iliwaondoa katika mfumo huu wakopeshaji wa simu ambao hawakuwa chini ya usimamizi wake. Sheria ilibadilishwa mwaka wa 2021, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatolewa Machi 2022, na wa kwanza wakaanza kupewa leseni Septemba mwaka huo. Kabla ya kukopa kwa programu yoyote, hakikisha jina la kampuni liko katika orodha ya CBK ya wenye leseni.

Nne, una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Kwa kuwa mashirika ni matatu, mkulima mwerevu anaweza kuzigawa ripoti hizo na kuchukua moja kila baada ya miezi minne.

Mimi na mama tuliamua hivi: Januari tunachukua kwa shirika la kwanza, Mei kwa la pili, Septemba kwa la tatu. Januari imechaguliwa kwa sababu mvua ndefu huanza mwezi Machi. Kukiwa na kosa, kuna muda wa kulirekebisha kabla ya msimu wa kununua mbegu na mbolea.

Alama huhesabiwaje?

Pamoja na orodha ya mikopo, ripoti huwa na alama. Kila shirika lina hesabu yake na kipimo chake. Kwa mfano, alama za Metropol huanzia 200 hadi 900, na alama ya chini ya 400 huashiria mtu aliyeshindwa kulipa. Kwa hivyo usiogope ukiona shirika moja limekupa nambari tofauti na jingine. Linganisha alama ya shirika moja na ya mwaka uliopita ya shirika lilo hilo, uone kama inapanda au inashuka.

Ingawa hesabu hizo hutofautiana, mambo yanayotazamwa yanafanana duniani kote. Kampuni ya FICO ya Marekani, ambayo alama zake huanzia 300 hadi 850, imeeleza kwamba asilimia 35 ya alama hutokana na historia ya kulipa, asilimia 30 ukubwa wa madeni uliyo nayo, asilimia 15 umri wa historia yako, asilimia 10 mikopo mipya na asilimia 10 aina za mikopo. Mashirika yetu hayalazimiki kufuata mgawanyo huo, lakini unatuonyesha uzito ulipo.

Kwanza ni kulipa kwa wakati. Mkopo wa Sh5,000 uliolipwa tarehe iliyoafikiwa hukujengea jina kuliko mkopo wa Sh200,000 uliolipwa kwa kusukumwa. Deni lisilolipwa kwa siku 90 huhesabiwa na benki kuwa limekwama, na hapo ndipo jina lako huingia upande mbaya.

Pili ni wingi wa madeni. Mtu aliyekopa kwa programu nne za simu kwa wakati mmoja, hata kama hajachelewa popote, humfanya afisa wa mikopo kujiuliza kama hakopi huku ili kulipa kule.

Tatu ni maombi mengi ndani ya muda mfupi. Ukikataliwa mahali pamoja kisha ukakimbilia pengine patano wiki hiyo hiyo, maombi hayo huacha alama za nyayo. Afadhali usimame, uulize sababu ya kukataliwa, uchukue ripoti yako na kurekebisha.

Nne ni umri wa historia. Ambaye hajawahi kukopa popote hana sifa mbaya, lakini pia hana sifa njema. Mkopeshaji hana kitu cha kusoma. Mkopo mdogo unaolipwa vizuri kwa miezi kadhaa ni mwanzo mzuri kuliko kungoja hadi utake nusu milioni.

Asiye na hatimiliki anafaidika zaidi

Baadhi ya wakulima huniuliza, "Mwalimu, alama hizi za nini na benki bado inataka cheti cha shamba?"

Jibu ni kwamba wanaohitaji rekodi nzuri zaidi ni wale wasio na cheti hicho. Mashamba mengi vijijini bado yako katika jina la babu aliyefariki. Wanawake wengi hulima ardhi ambayo hawana karatasi yake. Mama yangu ni mmoja wao. Kitu pekee anachoweza kuweka mezani ni ng'ombe wake, maziwa yake na jina lake.

Sheria imeanza kumtambua mtu kama yeye. Tangu mwaka wa 2017, sheria ya dhamana za mali inayohamishika inaruhusu mifugo, mazao na mashine kusajiliwa kama dhamana ya mkopo. Hata hivyo, ng'ombe anaweza kufa na mazao yanaweza kuharibika. Mkopeshaji anayekubali dhamana ya aina hiyo hutazama kwa makini zaidi jinsi mwenyewe alivyolipa madeni yaliyotangulia.

Riba nayo inahusika. Sheria iliyoweka kikomo cha riba kuanzia Septemba 2016 iliondolewa Novemba 2019, na benki zikarudi kumpangia kila mkopaji riba kulingana na hatari zinayoona kwake. Tuseme wakulima wawili wamekopa Sh300,000 kila mmoja, kulipa zote baada ya mwaka mmoja. Wa kwanza amepewa riba ya asilimia 14, wa pili asilimia 18. Wa kwanza atalipa riba ya Sh42,000 na wa pili Sh54,000.

Tofauti ni Sh12,000. Kwa bei ya Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 iliyotangazwa kwa mbolea ya ruzuku mwaka wa 2023, fedha hizo zinakaribia mifuko mitano.

Tarehe ya kulipa ifuate kalenda ya shamba

Nimesoma ripoti nyingi za wakulima walioniomba niwasaidie. Wachache sana walikataa kulipa makusudi. Wengi walikopa pesa za siku 30 kwa kazi ya miezi minne.

Chukua mkulima wa viazi. Kutoka kupanda hadi kuvuna ni miezi mitatu hadi minne. Akinunua mbegu kwa mkopo wa simu wa siku 30, siku ya kulipa itafika viazi vikiwa bado vinatoa majani. Atalazimika kukopa tena kulipa ule wa kwanza, au kuchelewa.

Hesabu yake ni hii. Mkopo wa Sh10,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, kiwango ambacho M-Shwari ilianza nacho, unagharimu Sh750 kila unapofanywa upya. Kwa miezi minne ni Sh3,000. Mkopo uo huo kutoka kwa Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi, ukilipwa wote mwishoni mwa miezi minne, unagharimu Sh400. Zaidi ya hayo, ule wa kwanza umempa nafasi nne za kuchelewa na ule wa pili nafasi moja tu.

Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, chukua karatasi na kuandika pesa zako huingia lini. Mkulima wa maziwa hulipwa kila mwezi, hivyo awamu za kila mwezi zinamfaa. Wa majani chai hupata malipo madogo ya kila mwezi na bonasi ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi Oktoba. Awamu zake za mwezi ziwe ndogo, na kiasi kikubwa kingoje bonasi. Wa mahindi huko Bonde la Ufa hupanda Machi au Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Wa miwa hungoja zaidi ya mwaka. Hawa wawili wasikubali mkopo unaoanza kulipwa mwezi unaofuata, isipokuwa wana chanzo kingine cha pesa kama kuku, mboga au duka.

Mwombe mkopeshaji akupangie ratiba hiyo. Wengine watakataa, na hapo afadhali usikope. Wengine watakubali, kwa sababu nao wanataka pesa zao zirudi.

Mkulima wa nafaka ana jambo jingine la kuzingatia. Wengi huuza mahindi kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno kwa sababu siku ya kulipa mkopo imefika. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka wa 2019 inamwezesha kuweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa, apewe stakabadhi na kuitumia kama dhamana ya mkopo akingoja bei ipande. Panga tarehe ya kulipa iwe baada ya muda huo.

Mchuuzi wa sokoni ana kalenda yake pia. Januari ni mwezi wa karo na wateja huwa hawana pesa. Aliyekopa Desemba kujaza duka kwa ajili ya sikukuu ahakikishe amemaliza kulipa kabla ya Januari kuanza, si katikati yake.

Ukiona unachelewa, usizime simu. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe na kueleza kilichotokea, iwe ni baridi iliyochoma viazi au soko lililofungwa. Ratiba iliyobadilishwa kwa makubaliano ina uchungu mdogo kuliko deni lililokwama.

Laini, vikundi na udhamini

Tukio la mama lilinifundisha kwamba rekodi yako inaweza kuharibiwa na watu unaowapenda.

Kwanza, kagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Piga *106# kwa simu yako na kutazama orodha. Laini usiyoitambua ipeleke katika duka la kampuni ya simu ili iondolewe. Kama ulimsajilia mtoto au ndugu ambaye sasa ana kitambulisho chake, mwambie aihamishe. Usimpe mtu simu na nambari ya siri "akope kidogo tu". Kwa mkopeshaji, aliyekopa ni wewe.

Pili, fikiri kabla ya kumdhamini mwenzako katika Sacco. Sahihi ya mdhamini ni ahadi ya kulipa. Mwenye mkopo akitoroka, akiba yako hukatwa, na usipotimiza wajibu huo jina lako pia linaweza kuharibika. Si vibaya kumwambia jirani, "Nionyeshe ripoti yako kwanza." Akikasirika, ameshakujibu.

Tatu, vikundi vya akina mama na vijana huweka rekodi nzuri sana katika madaftari yao, lakini mara nyingi habari hizo hazifiki CRB. Mwanachama aliyelipa kikundi kwa miaka kumi bila kosa anaweza kuonekana mgeni mbele ya benki. Daftari hilo lisidharauliwe, kwani afisa wa mikopo anaweza kukubali kulitazama. Lakini jijengee pia rekodi rasmi, hata kama ni kwa mkopo mdogo wa Sacco.

Ukikuta kosa au deni la kweli

Ukipata ripoti, soma mambo manne: majina na nambari ya kitambulisho, orodha ya wakopeshaji, kiasi kinachodaiwa na hali ya kila mkopo. Makosa ya kawaida ni deni lililolipwa ambalo bado linaonyeshwa, kiasi kisicho sahihi, au mkopo wa mtu mwingine.

Ukikuta kosa, andikia shirika lililotoa ripoti na kupeleka nakala kwa mkopeshaji. Ambatisha ushahidi: ujumbe wa simu wa malipo, risiti au barua. Ndiyo maana usifute ujumbe wa malipo ya mkopo. Shirika linatakiwa kuchunguza na kurekebisha ikiwa habari si sahihi. Sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 pia inakupa haki ya kudai habari zako zirekebishwe.

Kama deni ni la kweli, lilipe moja kwa moja kwa mkopeshaji kupitia nambari yake rasmi na kudai barua ya kuthibitisha umemaliza. Kama ni kubwa, zungumza naye kuhusu kulipa kwa awamu au kupunguziwa adhabu. Kisha fuatilia hadi ripoti ionyeshe limelipwa. Mkopeshaji akikudai cheti cha CRB, kumbuka kwamba kanuni za 2020 ziliondoa ada kwa anayekiomba kwa mara ya kwanza.

Kulipa hakufuti historia mara moja. Habari za deni lililokwama hubaki katika faili kwa miaka 5 baada ya kulipwa. Tofauti ni kwamba sasa zinasomeka "limelipwa", na malipo mema yanayofuata huanza kuzifunika.

Jihadhari na wanaodai kwamba watakuondoa CRB kwa Sh2,000 au Sh3,000. Matangazo yao yako kwenye nguzo za stima na mitandaoni. Hakuna wakala wa mtaani anayeweza kufuta habari za kweli, na habari za uongo unaweza kuzirekebisha mwenyewe. Anachotaka ni pesa zako na nakala ya kitambulisho chako, ambayo anaweza kuitumia kukopa.

Mama alifanyaje?

Baada ya kulipa zile Sh1,640, mama hakurudi benki mara moja. Januari 2024 alichukua mkopo wa Sh20,000 kutoka kwa Sacco akanunua mashine ya kukata nyasi. Alilipa kwa miezi kumi kutokana na maziwa. Tulichagua tarehe 10 kwa sababu chama hulipa tarehe 5, na siku tano zinatosha pesa zikichelewa.

Hakuchelewa hata mwezi mmoja. Alipoomba mkopo wa mtamba tena mwaka wa 2025, alibeba ripoti yake mwenyewe na kumwekea afisa mezani kabla hajaulizwa. Alipewa Sh100,000. Bei za mitamba zilikuwa zimepanda na wa aina ile ile alimgharimu Sh155,000. Ukitoa hesabu ya bei pekee, deni la Sh1,640 lilimgharimu Sh15,000. Maziwa ya karibu miaka miwili ambayo hakuyauza sijayahesabu, na mama ameniomba nisiyahesabu.

Daftari lake la maziwa sasa lina sehemu mbili. Kushoto ni lita za asubuhi na jioni. Kulia ni tarehe za kulipa mkopo, na tarehe za kuchukua ripoti tatu za mwaka. Binamu yangu, ambaye sasa ana kitambulisho na pikipiki ya biashara, ndiye humsaidia kuzichukua kwa simu. Alipomaliza ya mama mara ya kwanza, mama alimwambia achukue na yake papo hapo, na akasimama kando yake hadi ikafunguka.